Siku ya Tatu ya Mgeni

Ukivuka Bunju na kushika barabara ya Bagamoyo, vibao vya hoteli vinaanza kufuatana: Mapinga, Kerege, Zinga, Kiromo, kila kimoja na mshale unaoelekeza kulia, baharini. Kaa na meneja wa mojawapo. Mkishamaliza habari za umeme, kodi na bei ya samaki, atafika kwenye lalamiko lake kubwa. Vijana hawakai. Kijana anakuja hajui hata sinia inashikwaje, unamfundisha, unamvisha sare, anaanza kuzoeana na wateja, na mwezi wa nne au wa tano unampigia simu haipatikani. Mwingine anangoja mshahara uingie, kesho yake sare iko stoo imekunjwa vizuri na mwenyewe hayupo. Meneja ana maelezo tayari: kizazi hiki kimelelewa na simu, hakina subira, kinataka maisha ya kwenye picha. Halafu atakuambia kwamba yeye alianza kwa kuosha vyombo.

Simbezi meneja huyo. Kila anayeondoka anaondoka na mafunzo aliyopewa, na Jumamosi ya harusi haingoji mhudumu mpya ajifunze. Ila ndani ya lalamiko lake imejificha dhana ambayo hajawahi kuiuliza habari: kwamba kubaki ndiyo hali ya kawaida ya mtu, na kuondoka ndiko kunakohitaji kuelezwa. Kwa Bagamoyo dhana hiyo ni ngeni. Mji huu ulinenepa kwa kazi ya watu walioajiriwa ili waondoke, na waajiri wao waliandika kurasa kwa kurasa wakilia kwamba wafanyakazi hawakai.

Nazungumzia wapagazi. Wasafiri wa Kizungu Richard Burton na John Speke waliondoka pwani hii kwenda bara mwaka 1857. Henry Stanley aliondoka Bagamoyo mwanzoni mwa 1871 kumtafuta Livingstone, akiwa na karibu watu 200 aliowagawa katika misafara mitano. Vitabu walivyotoa baadaye vina manung'uniko ambayo meneja wa leo angeyatia sahihi bila kubadili neno: wamepokea malipo ya awali wakatoroka, wamejifanya wagonjwa, wametua mizigo wakadai posho zaidi. Ukivisoma ukiwa upande wa bosi, unaona uvivu na hila. Mwanahistoria Stephen Rockel, katika kitabu chake cha mwaka 2006 juu ya wapagazi hao, alisimama upande wa mbeba mzigo na kuona watu wa ujira wenye desturi za kazi walizozijua na kuzilinda. Mzigo ulikuwa na uzito wake unaokubalika, kiasi cha frasila mbili, kilo 30 na kidogo. Posho ilikuwa na kipimo chake. Aliyetangulia na bendera, kirangozi, alikuwa mtu wa njia kama wao, na sauti yake ilisikika. Mambo hayo yakivunjwa, mizigo ilishushwa chini na watu wakakaa juu yake. Yakizidi kuvunjwa, waliondoka usiku. Si wote walikuwa huru, maana walikuwemo pia watumwa waliokodishwa na mabwana zao. Lakini wengi, hasa Wanyamwezi, walikuja pwani kwa hiari, na kwa kijana wa Unyamwezi kufika baharini na kurudi ndiko kulikomfanya ahesabiwe mtu mzima.

Kwa hiyo kutoroka kulikuwa njia ya mwisho ya kujadiliana, pale njia nyingine zote zilipozibwa. Na kuna jambo moja kubwa zaidi ya posho, ambalo mpagazi alikuwa nalo hata siku njaa ilipombana: safari ilikuwa na mwisho. Alijua uzito wa mzigo wake na alijua Tabora iko wapi. Baada ya miezi miwili mitatu msafara ungeingia mjini kwa ngoma, baragumu na milio ya bunduki, na mzigo ungeshuka begani mbele ya watu. Reli iliyoanza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905 iliiua kazi hiyo, na Bagamoyo ikapoa kwa muda mrefu. Ilipoamka tena ilikuwa na kazi ya aina nyingine.

Mtazame sasa mhudumu wa mkahawa wa ufukweni. Sinia yake haifiki kilo tano. Anatoka jikoni kwenda mezani na kurudi, chini ya makuti, upepo wa bahari anaupata bure. Ukipima kwa mizani, kazi ni nyepesi, na ndivyo wazazi wengi wanavyoiona: mwanangu yuko hotelini, yuko kivulini, anakula. Mzigo hawauoni kwa sababu ameubeba usoni.

Mwanasosholojia Mmarekani, Arlie Hochschild, aliueleza mzigo huo mwaka 1983 baada ya kuwachunguza wahudumu wa ndege wa shirika la Delta. Abiria, alionyesha, hanunui kiti na chakula tu. Ananunua pia kupendwa kwa saa mbili. Ndiyo maana mhudumu hafundishwi kutabasamu kwa midomo peke yake. Anafundishwa kulitoa tabasamu ndani, amwone abiria anayemfokea kama mtoto aliyeshikwa na hofu, ili asikasirike kikweli. Wanaoimudu sana kazi hiyo wako kwenye hatari kubwa kuliko wengine, kwa kuwa inafika siku hawajui tena tabasamu lipi ni la kampuni na lipi ni lao. Miaka tisa kabla ya hapo, mwaka 1974, mwanasaikolojia Herbert Freudenberger, aliyekuwa akihudumia wagonjwa katika kliniki ya bure jijini New York, aliandika juu ya uchovu wa namna ya pekee aliouona kwa wenzake na kwake mwenyewe. Hawakuwa wachimba migodi. Walikuwa watu wa kujitolea, waliokuja kwa moyo. Shirika la Afya Duniani lilipouingiza uchovu huo katika orodha yake mpya ya magonjwa mwaka 2019, liliweka angalizo kwamba wenyewe si ugonjwa. Ni jambo la kazini, linalotokana na msongo wa muda mrefu usioshughulikiwa. Mtu anaishiwa nguvu, anajitenga na kazi yake au anaichukia, na anaona kila anachofanya hakifai. Naipenda kauli hiyo ya "si ugonjwa". Ingekuwa ugonjwa, ungekuwa wa kijana, naye angepelekwa hospitali peke yake.

Mtu ataniambia mvuvi wa Mlingotini anachoka kuliko mhudumu yeyote. Kweli kabisa. Anarudi alfajiri mikono imechanika, macho mekundu, na pengine samaki hawatoshi hata kulipia mafuta ya mashine. Lakini bahari haikumtaka atabasamu. Anaruhusiwa kuitukana, na anaitukana. Akilala, akiamka, uchovu umepungua, kwa sababu alichokitumia ni mwili, na mwili una namna yake ya kujirudishia. Mhudumu ametumia kile kile ambacho angekitumia nyumbani kumsikiliza mama yake, kucheza na mdogo wake, kumvumilia mchumba. Anafika nyumbani hana neno. Wenzake wanasema anaringa siku hizi.

Nilikaa Jumamosi moja kwenye hoteli ya ufukweni, meza ya pembeni. Jirani yangu walikuwa wanaume wanne kutoka Dar, watu wazima, wamekuja kupunga upepo. Binti aliyekuwa akiwahudumia alikuwa wa miaka 22 hivi, kidole gumba kimefungwa plasta, nywele zimebanwa nyuma kwa nguvu. Mmoja alimwita kwa kufyonza midomo, kama watu wanavyoita paka. "Mrembo, mbona umenuna? Hebu cheka kidogo, unatufukuzia bia." Binti akacheka. Akafuta meza mahali ambapo alikuwa ameshafuta. Akachukua chupa tupu, akaondoka taratibu, na alipofika nyuma ya ukuta wa jikoni, penye mitungi ya gesi, akavua viatu, akasimama peku juu ya sakafu ya saruji iliyomwagiwa maji. Nilikuwa nikienda msalani, ikabidi nipite hapo.

"Pole na kazi, mdogo wangu."

"Asante, kaka. Tumezoea."

"Unatoka saa ngapi leo?"

"Mteja akiondoka."

Alilisema bila uchungu, kama mtu anayetaja saa. Nimeliwaza jibu hilo kuliko mengi niliyosoma juu ya jambo hili. Mpagazi angeulizwa anatua wapi, angetaja mahali. Binti huyu safari yake inapimwa kwa mtu mwingine aliyekaa, mwenye chupa ambayo haijaisha.

Wanafalsafa wanamfahamu mhudumu mmoja maarufu sana. Yumo katika kitabu kikubwa cha Jean-Paul Sartre cha mwaka 1943: mhudumu wa mkahawa wa Paris ambaye mwendo wake ni wa haraka mno, anainama kwa hamu mno, anabeba sinia kwa madoido mno. Sartre anasema mtu huyo anaigiza kuwa mhudumu. Anajidanganya kwamba yeye ni kitu kilichokamilika kama meza ilivyo meza, ili aukimbie uhuru wake. Ni uchambuzi mkali, na vizazi vya wanafunzi vimeukariri. Mimi kila nikiusoma nakumbuka kwamba Sartre alikuwa amekaa. Anayaona madoido, hamuulizi mtu yule ameingia kazini saa ngapi, wala hajiulizi nani anayeyadai madoido hayo. Mhudumu wa Bagamoyo hajidanganyi hata kidogo. Anajua vizuri sana kwamba anaigiza, anajua na malipo ya igizo, na jioni anawaigiza wateja mbele ya wenzake mpaka jiko zima linacheka. Kinachomchosha si kujisahau. Ni kujikumbuka muda wote, huku akiwa hana ruhusa ya kuonekana.

Hapa ndipo napenda kuwarudia wazee wetu, maana sisi watu wa pwani tuna fikra zetu juu ya ugeni. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Kauli hiyo inapambwa siku hizi kwenye matangazo ya utalii, na imepoteza makali yake. Ichukue kama ilivyo: anayepona ni mwenyeji. Mgeni anakuja na habari za mbali, zawadi, baraka, na udhuru wa kumchinja yule jogoo ambaye watoto walikuwa wakimla kwa macho. Mwenyeji anatoa na anapata papo hapo, ndiyo maana kutoa hakummalizi. Kisha kuna methali ya pili, iliyo ndugu ya hiyo: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mwalimu Nyerere aliitumia katika andiko lake la Ujamaa la mwaka 1962 kuonyesha kwamba katika jamii ya zamani hapakuwa na mtu wa kula bila kufanya kazi. Ndivyo inavyosomwa mpaka leo, kama kijembe kwa mgeni mvivu.

Mimi naisoma kama nadharia ya muda. Inasema ukarimu una saa yake. Kuna kipindi mwenyeji anajibana, anatoa shuka safi, anaficha ugomvi wa nyumbani, anacheka hata kama hana sababu. Kujibana huko kunawezekana kwa sababu kuna ukomo unaojulikana. Siku ya tatu mgeni anapewa jembe, na jembe si tusi. Ni ruhusa ya kuingia ndani ya maisha ya nyumba. Kuanzia hapo anaweza kutumwa maji, anaweza kukataliwa, anaweza hata kugombezwa, na mwenyeji anarudishiwa uso wake wa kila siku.

Hoteli imechukua siku ya kwanza ikaiacha ya tatu. Mgeni anaondoka saa 4 asubuhi, saa 8 mchana chumba kile kile kina mgeni mwingine, na karibu inaanza upya ikiwa na uchangamfu ule ule. Kwa mgeni ni siku mbili tu. Kwa binti wa resepsheni ni siku ya kwanza kwa miaka mitatu mfululizo. Na kile ambacho mgeni anakuja nacho, kile cha kumponya mwenyeji, kinapita kaunta kwenda kwa mtu ambaye hakumkaribisha, pengine hata haishi Bagamoyo. Mwanafalsafa Jacques Derrida alifundisha Paris, katika miaka ya 1990, kwamba ukarimu wa kweli kabisa usingekuwa na sharti wala ukomo, ungempokea yeyote bila kumuuliza jina. Na akakubali kwamba ukarimu huo hauwezekani kutungiwa sheria. Nadhani angewauliza wanawake wa nyumba yoyote ya pwani wangempa jibu fupi: karibu isiyo na mwisho inawezekana, ila lazima awepo mtu mwingine wa kuosha vyombo.

Na hapo msomaji mwenye bibi aliyekulia Bagamoyo atanikatiza, na ana haki. Katika hizo nyumba za zamani zenye milango ya nakshi, mwenyeji aliyekuwa akipona ni nani? Alikuwa bwana wa nyumba, aliyekaa barazani na kikombe cha kahawa, akipokea sifa za ukarimu. Nyuma, uani, kulikuwa na mwanamke aliyetwanga, na kwa miaka mingi kulikuwa na mtumwa aliyechota maji na kukaanga samaki. Utumwa katika Tanganyika haukufutwa kisheria mpaka mwaka 1922. Uungwana wa mbele ulisimama juu ya uchovu wa nyuma. Aliyekuwa uani siku ya tatu haikumhusu, kwani jembe alikuwa nalo tangu alfajiri ya siku ya kwanza, na mgeni akiondoka alibaki nalo. Methali zetu zilitungwa barazani. Wa jikoni hatukuwasikiliza.

Ningekuwa natafuta hoja safi ningeificha habari hiyo. Lakini naiona inasaidia. Inanizuia kusema kwamba zamani tulikuwa na utu, wakaja watalii na wawekezaji wakauharibu. Mhudumu wa leo yuko mahali pa zamani sana, pale uani, na tofauti ni kwamba sasa analetwa mbele na kuambiwa avae uso wa bwana wa nyumba. Acheke kama mwenyeji, aishi kama mtumishi. Huo mchanganyiko ndio mpya, na sijui nyumba ya pwani iliyowahi kumdai mtu mmoja vyote viwili.

Turudi kwa meneja na neno lake la kubaki. Kubaki ni ahadi, na ahadi ina pande mbili. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka saa 45 za kawaida kwa wiki, saa 9 kwa siku, saa 24 za mapumziko kila wiki, siku 28 za likizo kwa mwaka, na saa za ziada zilipwe mara moja na nusu. Ni sheria nzuri. Lakini kifungu cha kumlinda mtu asiachishwe kazi isivyo haki hakimgusi aliyetumikia chini ya miezi sita, na wapo waajiri wanaozijua hesabu hizo kuliko wanavyojua bei ya mchele. Mtu anaanza kwa fildi, anaendelea kwa kujitolea, anapandishwa kuwa deiwaka, anapewa miezi mitatu, anapumzishwa kidogo, anaitwa tena. Miaka miwili inapita na kila siku yake ni ya kwanza, sawasawa na wageni wake. Glasi ikivunjika anakatwa. Mteja akitoroka na bili anakatwa. Halafu siku akiondoka bila kuaga, watu wanashangaa.

Na kumbukumbu zipo. Hoteli nyingi za Bagamoyo zilikuwa zikiishi kwa semina za ofisi za serikali na miradi. Mji uko karibu na Dar, lakini mbali kiasi cha kuhalalisha posho. Serikali ya awamu ya tano ilipobana matumizi kuanzia mwishoni mwa 2015, kumbi zilinyamaza, na waliokuwa wakibeba chai ya saa 4 ndio waliokuwa wa kwanza kurudishwa nyumbani. Mwaka 2020 ndege ziliposimama, wakarudishwa tena. Siwalaumu wote wenye hoteli kwa hayo. Wengine walikuwa na madeni ya benki yaliyokuwa yakiwanyima usingizi. Nasema tu kwamba kijana wa Magomeni ya Bagamoyo aliyemwona dada yake akirudishwa mara mbili amejifunza jambo juu ya uaminifu, na hakujifunza kwenye simu.

Nani anasema, basi, kwamba anayeondoka ameshindwa kazi? Mimi namwona kama mtu aliyejipa siku ya tatu mwenyewe, baada ya kuona hakuna wa kumpa. Namfahamu mmoja aliyeiacha hoteli na sasa anakaanga samaki karibu na soko la ufukweni, mafuta yanamrukia mikononi, moshi unamwingia machoni, na kuna siku faida haifiki elfu tano. Anachoka kuliko zamani. Ila mteja akimwita kwa kufyonza anamwambia, "Mimi nina jina, kaka," na kaka huyo anacheka, analipa, anarudi kesho. Haki ya kununa haimo katika sheria yoyote ya kazi, na wachumi hawana namna ya kuiweka kwenye mshahara, lakini watu wanailipia kwa kipato chao kila siku. Wengine wanaenda upande wa pili: wanavuka kwenda Unguja, au Muscat na Dubai, kuliuza tabasamu lile lile kwa bei ya juu. Hao nao nawaelewa. Kama ni kuigiza, kwa nini usiigize panapolipa?

Mshahara, naona lazima niliseme hili kabla sijashukiwa, ni jambo la kwanza. Falsafa haipaswi kuwa njia ya kukwepa nyongeza. Tajiri akisoma haya akahitimisha kwamba vijana wanahitaji kuheshimiwa tu, nitakuwa nimemwandikia kisingizio. Lakini wapo wanaolipwa vizuri kidogo, wana bima, wanakula kazini, na bado wanaondoka; kwa hao sababu moja nimeisikia zaidi ya nyingine. Ni misiba.

Mtu wa nje anaweza kuona hilo ni dogo. Pwani huku, kuzikana ndiyo hati ya uraia wa mtaa. Unakwenda kwenye msiba wa jirani, unakaa mkekani, unabeba jeneza hatua chache, unachota maji, na hakuna anayeandika jina lako, lakini kila mtu amekuona. Usipoonekana mara moja una udhuru. Usipoonekana mara tano, siku ukifiwa wewe utaelewa. Sheria ya 2004 iliandika siku nne za likizo yenye malipo kwa msiba wa mtoto, mwenzi wa ndoa, mzazi, babu au bibi, mjukuu, kaka au dada. Haimjui mjomba. Haimjui shangazi, wala mama wa nyumba ya pili aliyekulea mama yako alipokuwa shamba. Na harusi, akika, maulidi na arobaini zinaangukia Jumamosi na Jumapili, siku ambazo hoteli imejaa. Mhudumu anawakaribisha watu 300 wa harusi ya mtu asiyemjua, siku hiyo hiyo binamu yake anaolewa mitaa minne kutoka hapo. Mwaka mzima anapokea wageni, na kwao amekuwa mgeni. Ukimuuliza kwa nini ameacha kazi atasema alichoka, na wewe utadhani anazungumzia miguu.

Kwa sababu hiyo siamini sana semina za kumfundisha kijana kupumua kwa kina. Ninachokiamini zaidi ni karatasi iliyobandikwa kwenye mlango wa jiko: ratiba ya zamu. Nani anaipanga, inatoka siku ngapi kabla, na je, mtu anaruhusiwa kubadilishana zamu na mwenzake bila kumpigia magoti msimamizi? Wahudumu wenyewe tayari wanafanya hivyo kwa siri. Wana madaftari ya madeni ya siku, nani alimshikia nani, na madeni hayo yanalipwa kwa uaminifu kuliko mikopo ya benki. Wakiruhusiwa kuipanga ratiba wao, pamoja na kiongozi waliyemchagua, hoteli itakuwa na kirangozi wake. Meneja mmoja nilipomweleza hivyo alitabasamu lile tabasamu la wateja, akaniuliza, "Wakipanga wenyewe, sikukuu ya Idi nitabaki na nani?"

Atabaki na Wakristo. Mji huu una misikiti ya kale, na una misheni ya Wakatoliki tangu mwaka 1868, na watoto wa pande zote mbili wamekulia uwanja mmoja wa mpira. Mwislamu anamshikia Mkristo Krismasi na Pasaka, Mkristo anamshikia Mwislamu Idi zote mbili, na hayo yanafanyika bila kamati. Tatizo litakalobaki ni Jumamosi, ambayo haina dini. Kila mtu anaitaka, na hapo mwenye hoteli hana ujanja: ainunue kwa bei ya siku ya harusi, au aongeze watu.